Vidonge vya Mave

Tulimzika Mama Veronika mwezi uliopita. Mvua ilikuwa ikinyesha nusu nusu, ile mvua ya Bunia inayokulowesha bila kukata shauri. Baada ya mazishi tulirudi uwanjani kwake, chini ya turubai lililoletwa na watu wa jumuiya ya kanisa, na chakula kikaanza kuzunguka: bugali, sombe ya majani ya mihogo, maharagwe, na samaki wa Kasenyi waliokaushwa kwa moshi kisha wakapikwa kwa mawese. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Nauza vitambaa, na kazi hiyo imenizoeza kukaa kimya na kuangalia mikono ya watu, maana mikono ndiyo inayoonyesha nani atanunua na nani anapitisha wakati. Basi nilikaa nikiangalia mikono, na ndivyo nilivyoona kwamba mikono ya dada yangu Mave ilikuwa mapajani. Sahani yake ilikuwa mbele yake, imejaa, na hakuigusa. Wanawake walimwinamia wakamwambia ajikaze, mamamkwe wake amekufa akiwa mzee, tena kitandani kwake, jambo ambalo huku kwetu Ituri ni bahati. Mave aliitikia kila kitu kwa kichwa na mikono ikabaki palepale. Wakaona ni huzuni. Ilikuwa huzuni, ndiyo, lakini mimi nilijua ilianzia wapi. Niliishi katika nyumba ile mwaka ambao Mave alikaribia kufa na mimba yake, na tangu mwaka ule, kila mlo waliokula pamoja, hakuwahi kutia tonge mdomoni kabla mamamkwe wake hajamwambia aanze.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, niko mwaka wa tano wa sekondari. Jinsi sisi tulivyotoka Djugu tukaja mjini si habari ya hapa; nusu ya Bunia wanayo habari hiyo hiyo na hawaisimulii kila wakipata mgeni. Mave alikuwa ameolewa na Faustin, kijana wa Mahagi aliyenunua dhahabu kwa wachimbaji huko Bambu na kuonekana nyumbani pale barabara ilipomruhusu. Nililetwa kwao ili nisome, na ili nimsaidie dada na watoto wawili, mmoja akianza kuongea, mwingine bado ananyonya. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na saloni, yaani sebule. Saloni ilikuwa na viti vinne vya mbao vilivyovikwa vitambaa vya kufuma, picha ya Bikira Maria iliyopauka upande mmoja kwa jua la dirishani, na mafungu ya samaki wakavu wa Mama Veronika, ambayo hakuyaacha jikoni kwa sababu hakuwaamini paka wa jirani. Kwa hiyo tulisali, tulipokea wageni na nilifanya hesabu zangu za shule ndani ya harufu ya samaki. Mpaka leo nikinusa samaki wa moshi nakumbuka milinganyo.

Mama Veronika mwenyewe alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya chini, mwuza samaki wa miaka mingi, mjane. Alipenda utani. Akiniona ninavyoparua samaki alikuwa akicheka kwamba watoto wa Djugu wanajua maharagwe tu, na samaki wakimwona Solange wanafurahi kwa sababu wanajua magamba yao yatabaki. Solange ni mimi. Sikumpenda mwanzoni, kwa sababu isiyo na uzito: alikoroma, na ukuta kati yetu ulikuwa wa udongo mwembamba. Lakini hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke mapema, maana nikisimulia habari hii kwa wanawake wa sokoni huwa wanamchukia kabla sijafika katikati.

Mlo wa jioni ulikuwa na mpango wake, na hakuna aliyewahi kuutangaza. Mave alipakua jikoni. Sahani ya kwanza ilikuwa ya Mama Veronika, kipande cha mgongo wa samaki, au kichwa kizima kama kilikuwa kikubwa, maana alipenda kunyonya macho. Mave aliingia nayo saloni, akapiga magoti, akaitoa kwa mikono miwili, macho chini. Ndivyo mke wa mtoto anavyompa mamamkwe kitu kwa watu wa Mahagi, na Mave aliyajifunza magoti hayo upesi, kwa sababu hakutaka mtu aseme kwamba wakimbizi hawana adabu. Halafu Faustin, kama yupo. Halafu watoto. Halafu mimi, kwa kuwa Mave aliamini kwamba mwanafunzi asiyekula samaki hafaulu hesabu. Mwisho alikaa yeye kwenye kigoda kando ya babula, jiko la mkaa, moto ukififia, akakwangua sufuria na kuchovya bugali kwenye mchuzi. Ungemuuliza amekula nini angekujibu samaki, na hangekuwa anadanganya, mchuzi ulikuwa wa samaki. Hapo hapo, tonge la mwisho likiwa bado kooni, alijimiminia chai ya rangi, nyeusi, yenye sukari kupita kiasi. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu. Tuliongea habari za shule na za watu wa kwetu, na niliona raha kumwona amekaa.

Mimba ya tatu alinificha hata mimi. Mwanamke wa kwetu hasemi mapema, macho ya watu ni mengi, na mtoto anayetangazwa haraka anaweza kubadili nia. Alifunga kikwembe, kitenge chake, juu zaidi akaendelea kuteka maji na kunyonyesha yule wa pili. Kilichomfichua ni sauti ya kutafuna. Alikuwa akila udongo, ule mweupe unaouzwa sokoni kwa vipande karibu na wauza karanga, akiufunga kwenye ncha ya kikwembe. Alisema una harufu ya mvua ya kwanza. Alinimegea, nikatema. Mama Veronika aliisikia sauti ile kupitia ukuta na kwa hiyo akajua habari ya mimba kabla ya mwanawe. Alichofanya ni kuanza kumletea udongo yeye mwenyewe akitoka sokoni, vipande vilivyochaguliwa, vimefungwa kwenye jani la mgomba, akiviacha juu ya kigoda cha Mave na kupita kana kwamba vimejileta. Nilifikiri wakati ule, na bado nafikiri, kwamba ni tendo la upendo.

Tulienda CPN, yaani siku ambayo wajawazito hupimwa kwenye kituo cha afya, pale tu tumbo lilipokataa kufichwa na vikwembe viwili. Nilimsindikiza kwa sababu mtoto wa pili hakutaka kuachwa. Tulikaa kwenye mabenchi ugani, wanawake wengi, wengine wa mjini, wengine wa kambi za waliokimbia, na muuguzi mwanamke, mfupi, mwenye mwanya, akasimama mbele yetu kutufundisha. Alikuwa na namna yake ya kufundisha. Alimwambia kila mmoja amgeukie aliye kushoto kwake, amshushe kope la chini la jicho na kusema ameona rangi gani. Benchi zima likawa la watu wanaovutana macho na kucheka. Mmoja alisema nyekundu, mwingine akasema ya waridi. Mimi nilishusha kope la Mave na ndani palikuwa peupe. Nikasema nyekundu kidogo, kwa sababu watu walikuwa wakisikiliza. Muuguzi alikuja akatazama mwenyewe, kisha akatazama viganja vya Mave, na hakucheka tena.

Alisema damu ya mwenye mimba haiishi kwa siku moja. Malaria inachukua kidogo. Minyoo inayoingia kwa nyayo zisizo na viatu inachukua kidogo. Kuzaa kabla mwili haujapumzika na mtoto wa mbele kunachukua. Udongo na chai juu ya chakula vinakizuia chakula kisiujenge mwili. Na kula mwisho, akasema, kula mwisho pia. Hapo wanawake walicheka kicheko cha watu waliokamatwa, na mmoja wa nyuma akauliza kama anaambiwa amnyang'anye bwana wake sahani. Muuguzi akajibu kwamba bwana wake hana mtu tumboni. Kisha kila mmoja alipewa pakiti ya vidonge vyekundu, dawa ya kuongeza damu, kimoja kila siku, kwa maji, si kwa chai. Na Mave akapewa pia chandarua. Kwenye benchi palikuwa na mnong'ono kwamba vidonge hivyo vinamnenepesha mtoto tumboni mpaka mama apasuliwe. Mave aliusikia. Nilimwona akivitazama vile vidonge kama mtu aliyepewa mzigo wa mwenzake.

Nyumbani alifanya kile ambacho mke yeyote wa mtoto angefanya akirudi na kitu kutoka mjini. Aliingia saloni, akapiga magoti, akakionyesha kwanza kwa mwenye nyumba. Chandarua huku, pakiti huku. Mama Veronika aliipokea pakiti, akaitikisa sikioni.

"Hii njo nini?"

"Ni dawa ya kuongeza damu, mama."

"Asanti, mutoto yangu. Miye pia damu yangu ilipunguka tangu zamani."

Akaitia kwenye mkebe wake wa maziwa ya unga, pamoja na rozari. Mave alinyanyuka, akaenda kumenya mihogo. Huwezi kumwambia mamamkwe kwamba alichokishika si chake. Tena, kwa ule mnong'ono wa benchi, nadhani hakusikitika sana kuachana na vidonge. Na Mama Veronika, kwa upande wake, hakuona kwamba amechukua kitu cha mtu. Wakati ule vitu vyote vya msaada vilikuwa vikigawiwa kwa nyumba: mafuta kwa nyumba, chumvi kwa nyumba, sabuni kwa nyumba, na mkubwa wa nyumba ndiye aliyepokea na kugawa. Kwake, kituo cha afya kilikuwa kimeipa nyumba yake dawa. Alilala chini ya chandarua siku chache, akasema kinamnyima pumzi, akakirudisha wafunikwe watoto. Dawa hakuirudisha, kwa sababu ilimfaa. Kila mwezi Mave alipotoka CPN, magoti, mikono miwili, pakiti, mkebe.

Nakumbuka alasiri moja nikiwa chumbani na kitabu, Mama Veronika akiwa saloni na rafiki yake wa soko, Mama Ngabu, mwanamke mwembamba ambaye waligombana naye kila wiki juu ya nafasi ya kuweka meza. Walikuwa wamepatana siku ile. Mama Veronika alikuwa akimsifu Mave.

"Bibi ya mutoto yangu iko na heshima," alisema. "Kuko wengine wenye banafichaka hata chumvi. Huyu, hata dawa yenye balimupatia ku hospitali, ananiletea yote. Angalia mukono yangu. Ninapanda mulima sawa kijana."

Mama Ngabu alisema ana bahati. Nami nilijivuna kwa ajili ya dada yangu, na ya watu wetu wote. Jioni ile nilimsimulia Mave alivyosifiwa. Alitabasamu akaegemea ukuta. Alikuwa ameanza kuegemea kuta kila wakati.

Mvua ziliingia. Mave alipatwa na malaria, ikatulizwa, ikarudi. Akitoka mtoni na bidoni, lile dumu la maji, alisimama mara nyingi njiani, na alisema anausikia moyo wake masikioni. Midomo yake ikawa ya rangi ya majivu. Alimwachisha mtoto ziwa, kwa kuchelewa. Mama Veronika alisema ni mimba ya mtoto wa kike, mtoto wa kike hula uzuri wa mama yake, na akaanza kumtibu. Alikamua majani ya matembele akachanganya maji yake na nyanya ya kopo na soda nyekundu, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba kitu chekundu kinaongeza damu, na alisimama mbele ya Mave mpaka kikombe kiishe. Yeye, aliyekuwa na dawa yenyewe kwenye mkebe pamoja na rozari, alikuwa akihangaika kutafuta wekundu kila mahali. Hilo linanichekesha leo. Wakati ule nilikuwa na hofu tu, hofu ambayo sikuipa jina, na nilikuwa naamka mapema kuliko wote ili niteke maji kabla dada hajaamka.

Alianguka mchana, akianika nguo. Hakupiga kelele, nilisikia beseni likianguka. Tulimpandisha pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nikimshika, na Mama Veronika akaja na pikipiki ya pili, kikwembe kimeloa matope hadi magotini. Hospitalini walimtoa damu kidogo kidoleni na kuipeleka kupimwa. Daktari kijana alikuja akaongea na sisi wima, bila kutafuta mahali pa kukaa. Alisema damu ya Mave ilikuwa kidogo sana, hata kubeba mimba yenyewe ilikuwa shida, na uchungu ukimkuta hivi, kuvuja kidogo tu kwa kawaida ya kuzaa kutammaliza. Alihitaji kuongezwa damu leo. Hospitali haikuwa na ya kundi lake. Ndugu watafutwe.

Mave alilazwa kwenye kitanda kando ya dirisha. Muuguzi mwanamume mwenye miwani alikuja kumuuliza maswali, na mimi na Mama Veronika tulisimama miguuni pa kitanda. Alimuuliza watoto wamefuatana vipi. Alimuuliza habari ya malaria, minyoo, anakula nini, anakunywa nini. Alimuuliza kama anakula udongo, na Mave akafumba macho, na Mama Veronika akasema upesi kwamba udongo alimletea yeye. Sauti ya muuguzi haikubadilika hata mara moja. Niliona majibu yetu yakijipanga, na kwamba tulikuwa tunajibu ndiyo kwa kila kitu ambacho yule mwenye mwanya alikitaja ugani. Kisha akauliza la mwisho.

"Dawa ya damu, balikupatiaka ku CPN?"

"Balinipatia," Mave alisema.

"Ulikunywa?"

Dada yangu aligeuza uso ukutani. Nikafikiri amechoka, na kwa kuwa nilitaka yule mtu ajue kwamba hakuwa akimhoji mwanamke mzembe, nilijibu mimi, tena kwa kujivuna.

"Ilimalizika yote, munganga. Kila mwezi. Alikuwa anamupatia mama."

"Mama gani?"

"Mama ya bwana yake. Njo huyu."

Muuguzi alivua miwani. Hakumkemea mtu. Alimweleza tu Mama Veronika, polepole, kwamba ile dawa haikuwa ya nyumba, ilikuwa ya mimba ile, na mwili wa Mave ndio uliokuwa ukiingoja. Mama Veronika alisikiliza mpaka mwisho. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukifunguka namna ile. Alimtazama Mave, na Mave akaanza kuomba msamaha, yeye aliyelala pale, akisema mama asikasirike. Yule mama akainua mkono kumnyamazisha.

"Nilifikiri ni ya siye wote," alisema. Akavua sweta yake, akaukunja mkono wa blauzi hadi begani, akauweka mkono mzima juu ya meza ya chuma, kati ya mabomba ya sindano na pamba. "Basi damu yake iko mu mukono yangu. Mukamate."

Walimpima. Kundi halikulingana. Muuguzi alimweleza, na Mama Veronika akakasirika sasa, kwa mara ya kwanza siku ile, akasema dawa ni ya mtoto, ameila yeye, inakuwaje irudi kwa mwenyewe ikataliwe. Alikaa na mkono wake nje hata baada ya kuambiwa aufunike. Mimi nililingana. Walinitoa chupa moja, nikapewa soda, na muuguzi akasema haitoshi, atafutwe mwingine. Faustin alikuwa Bambu na barabara ilifungwa, milio ya risasi ilikuwa imesikika upande ule. Watu wetu walikuwa wametawanyika. Mama Veronika akachukua sweta yake akatoka bila kuaga.

Alirudi jua likielekea kushuka, na nyuma yake mstari wote wa wauza samaki. Walikuja na harufu yao, aproni zao, wengine bado wameshika visu vya kuparulia, wakajaza ukumbi wa maabara mpaka fundi wa vipimo akaomba wapange foleni. Lazima niseme jinsi hewa ilivyokuwa mwaka ule. Watu waliulizana asili kabla ya kuuziana chumvi. Wapo waliosema waziwazi kwamba damu ya huku haiingii mtu wa kule. Wanawake wale walikuwa wa Mahagi na wa ziwani, na aliyelala pale alikuwa wa Djugu, na sijui Mama Veronika aliwaambia nini sokoni. Nilimwuliza miaka baadaye, akasema aliwaambia ameiba. Kati ya wote, aliyelingana akakubaliwa alikuwa Mama Ngabu, yule wa ugomvi wa meza. Aliketi, akatoa mkono wake mwembamba, akamwambia Mama Veronika kwamba kuanzia kesho ile nafasi ya meza, pale konani, ni yake. Mama Veronika akasema ni yako. Ni ya Mama Ngabu hadi leo. Sasa anayeuza pale ni binti yake.

Mave alizaa wiki chache baadaye, hospitalini humo humo, mtoto wa kike, mdogo, mwenye kulia kwa hasira. Bibi yake alimpa jina Afoyorwoth, ambalo kwao ni kumshukuru Bwana. Tunamwita Afoyo. Ndiye aliyesimamia mazishi mwezi uliopita, na ana sauti ya chini kama ya bibi yake.

Nikisikia redioni sababu zinazowapunguzia wajawazito damu, nazitambua kama mtu anayesomewa majina ya majirani. Zote zilikaa kwetu mwaka ule. Hakuna hata moja iliyoingia kwa ubaya. Udongo uliletwa kwenye jani. Chai ilikuwa saa yetu ya kuongea. Samaki alienda kwa mwanafunzi, nami nilimla kwa furaha. Sisemi hivi ili nijilaumu, nilikuwa na miaka kumi na minane na njaa. Nasema tu kwamba dada yangu alikuwa akiishiwa na damu mbele ya watu waliompenda wote, na kila mmoja aliona mtu mwenye adabu.

Siku ya kwanza Mave na mtoto waliporudi nyumbani, nilipika mimi. Mave alikuwa dhaifu bado lakini alisisitiza kuipeleka sahani ya mama. Akaingia, akapiga magoti. Mama Veronika aliipokea, akaiweka chini kati yao, akakata kipande cha mgongo, akamsogezea yeye.

"Kula," alisema. "Nikuone."

Mave hakuelewa. Kula mbele ya mamamkwe, kabla ya mamamkwe, macho ya mamamkwe yakiwa mdomoni mwako, hakuna aliyetufundisha namna ya kufanya jambo kama hilo. Alisema atakula jikoni. Mama Veronika akasema jikoni haoni. Basi Mave alikula pale magotini, akilia, akitafuna na kulia, na yule mama hakugusa chochote mpaka samaki akaisha. Halafu kidonge cha pakiti mpya, kutoka mkebe uleule, kwa maji. Chai ilingoja. Faustin aliporudi kutoka Bambu na kukuta mama yake amekaa mikono mitupu akimtazama mkewe akila, alitoka nje akaniuliza kama wamerogwa.

Ilikuwa hivyo mwezi ule, na mwaka uliofuata, na mimba mbili zilizokuja baadaye, na hata Mave alipovuka umri wa kuzaa. Watoto walikua wakidhani ni sala. Mave alijifanya amechoshwa, akasema yeye si mtoto, ana wajukuu. Na mamamkwe wake mzee akajibu kwamba hajauliza umri, amesema kula. Hata mwishoni, macho yalipomwishia kabisa na hakuweza kumwona mtu, alielekeza uso upande wa sahani na kusikiliza meno.

Basi chini ya turubai wale wanawake walichoka kumbembeleza, wakaenda kuosha sufuria. Nikasogea. Mave alinishika kidole.

"Solange, mukono haiende," alisema. "Ninangoja tu. Ninajua alikufa, lakini ninangoja."

Niliacha kiti changu cha plastiki nikakaa chini kwenye mkeka, mbele yake, upande ambao mzee alizoea kukaa. Sahani yangu niliiweka kando. Mimi ni mdogo wake, na mdogo hamwamuru yaya wake, yaani dada mkubwa, lakini nilimwamuru.

"Kula, yaya. Nikuone."

Alinitazama. Kisha akashika samaki, akamega kwenye mgongo, panapokuwa na nyama, akatia mdomoni. Alikula wote. Chakula changu kilipoa, nami sikukigusa mpaka alipomaliza.